Mbio za Magari Wakati wa Mdororo wa Uchumi: Kwa Nini Kampuni Hujiondoa, na Nini Hubaki Afrika Mashariki

Katika miaka ya 1960, Pasaka katika miji ya Arusha na Moshi iliambatana na msisimko uliotokea barabarani. Magari ya mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki yalipita usiku na mchana yakiwa yametapakaa tope na vumbi, na watoto walikariri majina ya madereva na ya magari yao. Leo kijana wa Mkuu wilayani Rombo anayetaka kuyaona mashindano yaliyorithi jina hilo hulazimika kuvuka mpaka na kusafiri hadi Naivasha nchini Kenya, au kuyafuatilia kwenye luninga.

Kuondoka kwa mbio hizo katika barabara za Kilimanjaro kulikuwa na sababu zake za kisiasa na kiutawala. Hata hivyo, historia ya mchezo huu duniani inaonyesha kwamba mbio za magari huathirika mapema sana kila uchumi unapoyumba. Makala haya yanaeleza kwa nini kampuni za kutengeneza magari hushiriki mbio, kwa nini hujiondoa wakati wa mdororo, athari zilizofika katika ukanda wetu, na mambo ambayo wananchi na mamlaka za maeneo yenye vivutio kama Kilimanjaro wanaweza kujifunza.

Asili ya Safari na nafasi ya Tanganyika

Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953 kwa lengo la kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II wa Uingereza. Njia yake ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika, nchi tatu zilizokuwa chini ya utawala wa Kiingereza. Mwaka 1960 jina lilibadilishwa na kuwa Safari ya Afrika Mashariki. Tofauti na mbio za Ulaya, zilizofanyika katika viwanja maalumu au katika njia fupi zilizofungwa, Safari ilipita katika barabara za kawaida za udongo kwa maelfu ya kilomita, mara nyingi katika msimu wa masika. Adui wa dereva hakuwa mshindani mwenzake pekee, bali pia mto uliofurika, utelezi wa udongo mwekundu, mawe na mifugo iliyovuka barabara.

Ugumu huo unathibitishwa na matokeo yenyewe. Mwaka 1963, na tena mwaka 1968, ni magari 7 pekee yaliyofika mwisho wa mashindano. Katika miaka yote miwili ushindi ulikwenda kwa Nick Nowicki na Paddy Cliff, waliotumia Peugeot 404. Mwaka 1965 Joginder Singh wa Kenya alishinda kwa Volvo, kisha akarudia ushindi mwaka 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Tanzania nayo ina kumbukumbu yake katika orodha hiyo: Bert Shankland, dereva mzaliwa wa Uskochi aliyekuwa akiishi nchini, akiwa na Chris Rothwell, alitwaa ushindi mwaka 1966 na 1967 kwa Peugeot 404.

Mwaka 1973 Safari iliingizwa katika Mashindano ya Dunia ya mbio za magari za barabarani, ambayo yalikuwa yanaanza mwaka huo. Mshindi alikuwa Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, kwa gari aina ya Datsun 240Z. Mehta alishinda tena mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982, na hivyo kufikisha ushindi mara 5. Kufikia katikati ya miaka ya 1970, hata hivyo, njia ya mashindano ilikuwa imebaki ndani ya Kenya. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ya wakati huo ilivunjika na mpaka kati ya Tanzania na Kenya ukafungwa hadi mwaka 1983. Barabara za Kilimanjaro zikabaki nje ya ramani ya mbio hizo.

Kwa nini kampuni za magari hushiriki mbio

Timu ya mbio haiuzi bidhaa kwa maana ya kawaida. Huajiri wahandisi, mafundi, madereva na wasoma ramani. Husafirisha magari na vipuri kutoka bara moja hadi jingine. Na magari inayoyatumia hugharimu mara nyingi zaidi ya yale yanayouzwa dukani. Kampuni hukubali gharama hizo kwa sababu kuu tatu.

Ya kwanza ni matangazo. Ushindi unaoonekana na mamilioni ya watazamaji huimarisha jina la kampuni kuliko bango la biashara. Ya pili ni majaribio. Safari ilikuwa kipimo cha uimara wa gari: springi, vizuia mtikisiko, fremu na mifumo ya kupooza injini vilipimwa katika mazingira ambayo hayapatikani katika viwanja vya majaribio. Ya tatu ni soko la eneo husika. Peugeot 404 na 504 zilitumika sana kubeba abiria katika Afrika Mashariki, na mnunuzi aliyeona gari la aina hiyo likimaliza Safari hakuhitaji maelezo mengi kutoka kwa muuzaji. Datsun, Toyota, Mitsubishi na Subaru za Japani nazo zilijijengea heshima kwa njia hiyo hiyo.

Udhaifu wa mpangilio huu uko katika bajeti. Fedha za mbio kwa kawaida huidhinishwa na bodi ya kampuni kwa muda maalumu, na huwekwa katika fungu la matangazo au la utafiti. Mauzo yanaposhuka, fungu hilo hupunguzwa haraka kwa sababu kulipunguza hakusimamishi uzalishaji kiwandani. Aidha, ni vigumu kwa uongozi kutetea matumizi makubwa ya mbio mbele ya wafanyakazi wanaopunguzwa kazi na wenye hisa wasiopata gawio. Ndiyo maana uamuzi wa kujiondoa mara nyingi hutangazwa ghafla, wakati mwingine baada ya magari ya msimu unaofuata kuwa yamekwisha kubuniwa.

Fundisho la awali: mafuta ya 1973 na 1974

Mwezi Oktoba 1973 nchi za Kiarabu zinazozalisha mafuta ziliweka vikwazo vya mauzo, na bei ya mafuta ghafi ikapanda takriban mara nne katika miezi michache. Mbio za magari zilionekana kuwa matumizi yasiyofaa ya bidhaa adimu. Mashindano ya Monte Carlo na ya Sweden ya mwaka 1974 yalifutwa. Nchini Marekani, mbio za saa 24 za Daytona na za saa 12 za Sebring hazikufanyika mwaka huo. Ferrari ilikwisha kuacha mbio za masafa marefu baada ya msimu wa 1973 ili kuelekeza nguvu katika Formula One, na kampuni ya Matra ya Ufaransa, iliyoshinda Le Mans miaka mitatu mfululizo, ilijiondoa mwishoni mwa 1974.

Safari ya mwaka 1974 ilifanyika, lakini shinikizo la mafuta lilionekana wazi katika maisha ya kawaida. Hapa Tanzania gharama za kuagiza mafuta zilikula sehemu kubwa ya fedha za kigeni, na wananchi wenye umri mkubwa wanakumbuka vipindi ambavyo matumizi ya magari binafsi yalizuiwa Jumapili mchana ili kuokoa mafuta. Katika mazingira hayo, mchezo unaotumia mafuta kwa burudani haukuwa na nafasi ya kwanza katika mipango ya taifa.

Mdororo wa 2008 na 2009

Kuanguka kwa benki ya Lehman Brothers ya Marekani tarehe 15 Septemba 2008 kulifuatiwa na kukauka kwa mikopo. Magari mengi katika nchi tajiri hununuliwa kwa mkopo. Hivyo sekta hiyo iliumia mara moja. Mauzo ya magari mapya nchini Marekani yaliyokuwa takriban milioni 16 mwaka 2007 yalishuka hadi karibu milioni 10.4 mwaka 2009. Chrysler iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai mwezi Aprili 2009, na General Motors ikafuata tarehe 1 Juni. Toyota, iliyohesabiwa kuwa kampuni imara kuliko zote, ilipata hasara ya uendeshaji katika mwaka wa fedha ulioishia Machi 2009, ya kwanza katika takriban miaka 70.

Programu za mbio zilifungwa moja baada ya nyingine. Mapema Desemba 2008 Honda ilitangaza kuondoka Formula One. Katikati ya mwezi huo huo Suzuki na Subaru zilijiondoa katika Mashindano ya Dunia ya mbio za barabarani, tangazo la Subaru likitolewa siku moja tu baada ya lile la Suzuki. Audi, iliyokuwa ikitawala mbio za magari ya kasi ya masafa marefu, iliacha kushiriki msimu mzima wa mashindano ya Marekani na kubakiza Le Mans kama tukio lake kuu la mwaka 2009. Kawasaki ilijiondoa katika mbio za pikipiki za MotoGP mwezi Januari 2009, na Mitsubishi ikasitisha ushiriki wake katika mbio za Dakar mwezi Februari. BMW ilitangaza kuondoka Formula One mwezi Julai, na Toyota mwezi Novemba.

Matokeo yake yalikuwa makubwa. Katika Mashindano ya Dunia ya mbio za barabarani ya mwaka 2009 zilibaki kampuni mbili tu za magari, Citroën na Ford. Kwa upande wa mbio za masafa marefu, athari ziliendelea hata baada ya hali kutulia Marekani: Januari 2012, wakati Ulaya ikiwa katika mgogoro wa madeni, Peugeot ilifunga programu yake ya Le Mans wiki chache tu kabla ya msimu kuanza.

Si kila kujiondoa kunatokana na mdororo. Audi iliondoka katika mbio za masafa marefu mwishoni mwa 2016, na Porsche mwishoni mwa 2017, katika kipindi ambacho kundi la Volkswagen lilikuwa likibeba gharama za kashfa ya vipimo vya moshi wa dizeli na kuelekeza fedha katika magari ya umeme. Lakini mantiki ni ile ile: fedha zinapohitajika kwingine, mbio hutangulia kukatwa.

Athari katika Afrika Mashariki

Mdororo ulipoanza, Safari ilikuwa tayari imepoteza hadhi yake ya dunia. Mwaka 2002 Colin McRae alishinda kwa Ford, na baada ya hapo mashindano hayo yaliondolewa katika kalenda ya dunia kutokana na matatizo ya fedha na ya uendeshaji. Yalibaki katika ngazi ya Mashindano ya Afrika, na wengi wa washindi katika kipindi hicho walikuwa madereva wa Kenya waliojigharamia au kudhaminiwa na wafanyabiashara wa ndani.

Hivyo basi, kujiondoa kwa Subaru na Suzuki hakukuondoa timu za kiwanda katika barabara zetu, kwa kuwa zilikwisha kuondoka. Athari iliyofika huku ilikuwa ya taratibu. Madereva wa ukanda huu kwa miaka mingi wamenunua magari ya mbio yaliyotumika, hususan Subaru Impreza na Mitsubishi Lancer. Kiwanda kinapofunga idara yake ya mbio, magari mapya ya aina hiyo hayatengenezwi tena, vipuri maalumu huadimika, na fundi hulazimika kutengeneza upya kile alichokuwa akikiagiza.

Kwa Mkoa wa Kilimanjaro, uzito wa mdororo ulionekana zaidi katika kahawa na utalii kuliko katika michezo. Bei ya kahawa ilishuka katika msimu wa 2008/09 na kuwatia hasara wanunuzi, vikiwamo vyama vya ushirika, huku watalii kutoka Ulaya na Marekani wakipunguza safari. Mwezi Juni 2009 Serikali, kupitia hotuba ya Rais wa wakati huo, Jakaya Mrisho Kikwete, jijini Dodoma, ilitangaza mpango wa kunusuru uchumi wenye thamani ya takriban shilingi trilioni 1.7, ambao miongoni mwa mambo mengine ulilenga kuwapunguzia mzigo wanunuzi wa kahawa na pamba. Mpangilio huo wa vipaumbele unafafanua kwa nini michezo yenye gharama kubwa haiwezi kutegemea hazina ya umma katika kipindi cha dhiki: shilingi ya mkulima hutangulia.

Waliobaki na waliorudi

Historia inaonyesha pia kwamba kufungwa kwa programu si mwisho wa mchezo. Timu iliyoachwa na Honda ilichukuliwa na mkurugenzi wake, Ross Brawn, ikaendelea kwa jina jipya, na katika mwaka huo huo wa 2009 ikatwaa ubingwa wa dunia wa madereva na wa timu. Toyota ilirudi Le Mans mwaka 2012 ikiwa na gari linalotumia petroli na umeme, kisha ikarejea katika Mashindano ya Dunia ya mbio za barabarani mwaka 2017. Ferrari ilirudi katika daraja la juu la Le Mans mwaka 2023, miaka 50 baada ya kuondoka, na ikashinda.

Safari nayo ilirudi. Baada ya kucheleweshwa na janga la UVIKO-19 mwaka 2020, ilifanyika Juni 2021 ikiwa na makao yake Naivasha, na Sébastien Ogier akashinda kwa Toyota. Mwaka 2022 Toyota ilishika nafasi 4 za kwanza, kama ilivyofanya mwaka 1993. Safari ya sasa ina sehemu za kushindania zipatazo kilomita 300 hadi 400, tofauti na maelfu ya kilomita za zamani. Ufupi huo, pamoja na mambo mengine, hupunguza gharama za timu na kurahisisha ulinzi wa watazamaji.

Katika kipindi chote ambacho timu za kiwanda hazikuwapo, mchezo ulishikiliwa na watu binafsi. Kuanzia mwaka 2003, mashindano ya magari ya zamani yaliyoasisiwa Kenya kwa kumbukumbu ya Safari ya awali yameingia Tanzania katika miaka kadhaa, na kurudisha magari ya miaka ya 1960 na 1970 katika barabara za kaskazini. Nchini Tanzania, mbio za magari husimamiwa na Chama cha Magari Tanzania (AAT), ambacho ni mwanachama wa Shirikisho la Kimataifa la Magari (FIA), na mashindano ya Tanzania yamekuwa sehemu ya kalenda ya ubingwa wa Afrika. Wanaoyawezesha ni wamiliki wa karakana, wafanyabiashara na familia zenye mapenzi na mchezo huu. Fedha zao ni kidogo, lakini haziondoki kwa tangazo la siku moja kutoka makao makuu yaliyo bara jingine.

Mambo ya kuzingatia

Kwa wilaya kama Rombo, yenye barabara ya lami inayopita Mkuu kutoka Marangu kuelekea Tarakea, lango la Rongai la kupandia Mlima Kilimanjaro, na mpaka wa pamoja na Kenya, tukio la michezo ya magari linaweza kuleta wageni, kujaza nyumba za kulala wageni na kuwapa kazi mafundi na mama lishe. Uzoefu uliotajwa hapo juu, hata hivyo, unatoa tahadhari nne.

Kwanza, tukio lolote linalomtegemea mdhamini mmoja wa nje huwa hatarini pale kampuni hiyo inapobadili mwelekeo. Waandaaji wanashauriwa kuwa na wadhamini wengi, wakiwamo wa ndani, na mikataba inayoeleza wazi nini kitatokea mmoja wao akijitoa.

Pili, wananchi wanaowekeza kwa kutarajia tukio, iwe ni kukodi vibanda, kununua bidhaa au kukarabati vyumba, wanapaswa kusubiri uthibitisho rasmi kutoka mamlaka husika badala ya kutegemea taarifa zinazosambaa mitandaoni. Mbio huweza kufutwa wiki chache kabla ya kuanza, na hasara ya mchuuzi mdogo haimo katika hesabu za kampuni iliyojiondoa.

Tatu, usalama haupunguzwi kwa sababu fedha zimepungua. Mwaka 1986 watazamaji waliuawa nchini Ureno baada ya gari la mashindano kuwagonga, tukio lililochangia kupigwa marufuku kwa magari yenye nguvu kubwa ya daraja la B. Mwandaaji asiye na uwezo wa kulipia wasimamizi wa njia, gari la wagonjwa na mawasiliano hapaswi kuruhusiwa kufunga barabara inayopita katika makazi ya watu. Wazazi nao wanakumbushwa kuwaweka watoto mbali na kona na kufuata maelekezo ya Jeshi la Polisi Kikosi cha Usalama Barabarani.

Nne, ujuzi hubaki hata fedha zinapoondoka. Fundi aliyejifunza kurekebisha gari la mbio anaweza kuhudumia magari ya watalii, malori ya kahawa na mabasi ya abiria. Kwa sababu hiyo, faida ya kudumu ya mchezo huu kwa mkoa hupatikana pale vijana wa vyuo vya ufundi wanapohusishwa katika maandalizi tangu mwanzo, wakati mashindano yangali yana wadhamini.

Historia ya Safari inaonyesha kwamba kampuni kubwa za magari zilikuja Afrika Mashariki zilipokuwa na fedha na haja ya kujipima, na zikaondoka hali ilipobadilika. Barabara, mafundi na watazamaji havikuondoka. Maeneo yatakayoandaa mashindano kwa kutegemea kwanza nguvu hizo za ndani ndiyo yatakayokuwa na msingi wa kuyaendeleza siku kampuni hizo zitakaporudi, na hata siku zitakapoondoka tena.